Nusu ya Mbele

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, Naliaka alilizunguka gari la bluu lililoshushwa na lori la kuvutia magari mabovu, akachomoa majani ya mahindi yaliyonasa kwenye wipa, kisha akagonga paa kwa spana.

"Hodi! Kuna mtu?"

"Tuko," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Basi shukeni polepole. Angalieni vioo."

Walishuka mwanamume wa makamo na dada yake, wakijinyoosha viuno kama watu waliokaa vibaya safari nzima. Mwanamume aliuliza kama hapa ni Gilgil. Naliaka alimwambia hapa ni Nakuru, nyuma ya Bondeni, na Gilgil waliipita wakiwa wamebebwa. Dada mtu akamtazama kaka yake kwa lile jicho la si-nilikwambia. Walikunywa chai kwenye benchi, wakashukuru, wakatoka getini na kushika njia ya Gilgil kwa miguu, wakibishana ni nani aliyeliona trela kwanza. Naliaka akaingia chini ya gari na beseni lake, akafungua nati ya oili.

Hiyo ndiyo kazi ilivyokuwa, na pale yadi hakuna aliyeiona ngeni kuliko kazi nyingine. Mtindo wa kugonga paa ulikuwa wa zamani. Uliletwa na mzee mmoja aliyetoka karakana ya reli, ambako hukuwasha moto kwenye injini ya treni kabla ya kugonga bodi, usije ukamchoma mwenzako aliyeingia ndani kusugua masizi. Mafundi wa magari mabovu wakaurithi. Miaka yote waligonga na hakuna aliyejibu, lakini miaka yote walikuwa wakigonga kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshawasha grinda. Ulipokuja Muungano na sheria zake, kwamba gari lishushwe, lipoe, likaguliwe ndipo liguswe, watu wakaanza kusubiri kidogo baada ya kugonga. Majibu yakasikika, ya wale waliofia humo.

Muungano wenyewe ulikuwa kitu kizuri. Hilo Naliaka angelisema hata mbele ya kanisa. Zamani gari likifa Nakuru lilitawanywa kama ng'ombe wa matanga: huyu anakimbia na mlango, yule na taa, oili inamwagwa mtaroni ikawasalimie flamingo ziwani, viti vinachomwa moto hadi mtaa mzima unakohoa. Kisha kampuni za bima, waagizaji wa magari, wenye kiwanda cha chuma na wauzaji wa spea wakakutana kwenye hoteli moja, wakala nyama, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuchukiana wakakubaliana jambo. Gari likifa, litaletwa yadi moja. Oili pembeni, betri pembeni, vioo pembeni, chuma tanurini. Pale getini wakaandika HAKUNA KINACHOTUPWA, na kwa kuwa mchoraji aliishiwa na ukuta, lile WA la mwisho likakaa chini peke yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Abiria walipoanza kushuka, wakili wa bima alikuja kuangalia kama kuna neno. Alisema fidia zao zilikwisha kufungwa, kwa hiyo hapakuwa na neno. Akaongeza tu kwamba washushwe kabla ya oili kumwagwa, wasiteleze. Yadi ikapata benchi, likang'olewa kwenye basi la shule.

Naliaka aliajiriwa hapo akiwa mjane. Mume wake, Wasike, alikufa kwenye mteremko wa Salgaa akimrudisha mama yake Webuye baada ya mama kutibiwa macho. Lori liliwagonga kutoka nyuma. Mama alibanwa. Wasike hakuwa na hata mchubuko, ni shingo tu. Walizikwa siku moja, na kampuni ya bima ikamwambia Naliaka asijisumbue kulifuata gari, limeshayeyushwa, sasa ni nondo. Aliamini. Kwa muda mrefu kila alipopita jengo jipya mjini aliziangalia nondo zilizochomoza juu na kuzisalimia kimoyomoyo.

Tangu siku aliposikia mtu akijibu kwenye paa la gari, alitaka kitu kimoja tu duniani: agonge, na Wasike ajibu. Lakini nondo haina paa. Basi aliwashusha waume wa wenzake, akawapa chai, akaendelea.

Wiki hiyohiyo ya gari la bluu, lori la vyuma chakavu liliingia likiwa na nusu ya gari. Nusu ya nyuma tu, rangi ya fedha, imekatwa katikati pale milango ya mbele inapoishia, mkato safi kama wa mkate. Buti lilikuwa limejikunja kama karatasi. Kwenye kona ya bampa palikuwa na bonde dogo ambalo Naliaka alilifahamu, kwa sababu alilitia yeye akijifunza kuendesha, akalisingizia geti.

Aliweka spana chini. Akagonga kwa vidole.

"Hodi."

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke mzee. "Ingawa wewe ndiye uko nje."

Alikuwa mama mkwe wake, Nabalayo. Alishuka kwa upande ambao haukuwa na mbele, akiwa amekumbatia mfuko wa mikate na sukari aliokuwa akiwapelekea majirani. Mikate ilikuwa bado laini. Alimtazama Naliaka kutoka viatu hadi kitambaa.

"Umekonda. Nani anakupikia?"

"Najipikia, mama."

"Ndiyo maana."

Naliaka alimkalisha kwenye benchi. Kisha akarudi kuchungulia ndani ya ile nusu, akapapasa kiti cha nyuma, akaangalia hata chini ya zulia.

"Mama, Wasike yuko wapi?"

"Si yuko mbele," Nabalayo alisema, akanyoosha kidole. Kidole kilielekea kwenye ukuta wa yadi. "Alikuwa hapo mbele yangu. Nilikuwa naona kisogo chake, nikawa namwambia anyoe. Kisha wakakata, akaenda na huko mbele. Hata kuaga hakuaga. Lakini ni kelele ya ile mashine, pengine aliaga."

"Walikata wapi?"

"Sijui wapi. Macho yalikuwa na dawa. Niliwasikia tu. Mmoja alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, ubeti wa pili anaukosea."

Wakati huo Kimaiyo, welda wa yadi, alikuwa anakuja na birika akiimba. Alipofika ubeti wa pili, Nabalayo alitikisa kichwa.

"Ni huyu."

"Ni mimi, mama," Kimaiyo alisema, akimimina. "Karibu chai."

"Huo wimbo unauharibu."

"Nimesikia, mama. Nitarekebisha."

Hakuwa na aibu, wala hapakuwa na mtu wa kumtarajia awe nayo. Banda la nyuma halikuwa siri. Lilikuwa na mlango, lilikuwa na rangi, lilikuwa na geti lake la kutokea barabara ya pili. Gari lililopondwa nyuma lililetwa huko likutane na lililopondwa mbele, ndugu wa aina moja. Kimaiyo alikata hili, akakata lile, akachukua kizima cha hili na kizima cha lile, akavishona kwa moto, akapiga rangi moja. Wenye kuuza spea walimpa vya kushona, bima walifumba jicho, na gari likaondoka limesimama wima kama aliyetoka kinyozi.

"Ya Wasike ilikuwa mbele safi, mathe," alimwambia Naliaka kwa heshima, kama anayemsifu marehemu. "Taa zote. Injini haijaguswa. Niliunga na nyuma ya nyeupe moja ilitoka Kikopey. Ilikuwa kabla hujaajiriwa hapa kwetu. Sikujua ni yenu."

"Ikaenda wapi?"

"Kuresoi. Mama fulani wa viazi."

Naliaka alikwenda kwa mratibu wa Muungano, Bwana Kinyanjui, ambaye ofisi yake ilikuwa kontena lenye kapeti. Bwana Kinyanjui alikuwa mtu mpole sana. Alisimama ili amsalimie, akatoa pole ya mama mkwe, kisha akafikiri, akaigeuza ikawa hongera.

"Mliniambia limeyeyushwa," Naliaka alisema.

"Nusu, madam. Na hiyo nusu ndiyo imekuja kuyeyushwa. Hatukudanganya. Tulitangulia tu."

"Na hiyo nyingine inatembea barabarani imeshonwa."

"Inatumika," Bwana Kinyanjui alisahihisha kwa upole. "Madam Naliaka, wewe ni mtu wa kazi, utanielewa. Kuyeyusha kunakula makaa, kunakula umeme. Kutumia tena ndiko bora kuliko kuyeyusha. Hata wageni waliotutembelea walisema hivyo, wakapiga picha. Muungano wetu unasifiwa kwa sababu ya banda la nyuma, si kwa sababu ya beseni zako."

"Ikikatika je?"

"Imekatika?"

"Bado."

"Basi."

Aliporudi kwenye benchi, Nabalayo alikuwa ameshaipanga yadi upya. Mapipa yalikuwa yamehamia kivulini, na Kimaiyo alikuwa anafundishwa ubeti wa pili.

Naliaka aliona jambo lililokuwa limemkalia mbele siku nzima. Gari likifika yadi, ni kwa sababu limeua. Kumtaka Wasike afike alipo yeye, kwenye paa la kugongwa, kulikuwa ni kumtaka huyo mama wa viazi agongwe na kitu. Jambo hilo alilizungusha kichwani, akaliona halina upande mzuri. Jumapili akaamua kumfuata mwenyewe.

"Twende, mama?"

"Mimi nimekaa ndani ya gari vya kutosha," Nabalayo alisema. Akatoa mkate mmoja mfukoni. "Mpelekee. Mwambie anyoe."

Kuresoi kulikuwa na ukungu na matope mekundu, na magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara yakiwa yamevimba kuliko watu. Gari alilipata bila kuuliza sana. Lilikuwa limepakwa rangi ya maziwa, lakini pua yake aliijua. Mwanamke kijana mwenye gambuti, kofia ya sufu na mdomo mwepesi alikuwa akipakia gunia. Aliitwa Jepleting, ndiye mama wa viazi.

Wasike alikuwa amekaa kiti cha abiria, mkanda amefunga. Alivaa lile shati la safari. Mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma, imepita chini ya kiti, kama mtu anayefunga kamba za aproni.

"Umechelewa," alimwambia Naliaka dirishani.

"Mimi nimechelewa? Niliambiwa uko kwenye ghorofa."

"Ghorofa gani?"

"Lolote lenye nondo."

Wasike alicheka kile kicheko chake cha pua. Naliaka aliegemea mlango akasubiri kiishe, maana kilikuwa hakina haraka, na yeye pia siku hiyo hakuwa nayo.

"Wewe ndiye mke?" Jepleting aliuliza, akijipangusa mikono. "Amekutaja sana. Anasema chai yako ni mbaya."

"Hayo ni maneno ya mama yake."

"Mama yuko?" Wasike aliuliza haraka.

"Yuko yadi. Anasema unyoe."

Wasike akatikisa kichwa kwa furaha.

"Basi shuka twende," Naliaka alisema. "Nimekuja kukuchukua. Hapa hapana haja ya spana, nagonga kwa mkono." Akagonga paa. "Hodi. Shuka."

Wasike hakushuka. Alimwonyesha kwa kidevu aangalie chini ya kiti. Naliaka aliinama, akainua zulia. Pale sakafuni, kutoka mlango hadi mlango, ulipita mshono wa Kimaiyo, umepasuka katikati, mpana kiasi cha kuona matope ya Kuresoi kupitia humo. Wasike alikuwa ameushika. Vidole vya mkono huu vilishika nusu ya mbele, vya mkono ule vilishika nusu ya nyuma, navyo vilikuwa vimekaza mpaka mishipa ya shingo imesimama, ile shingo yenyewe.

"Ulianza kuachia mwaka jana," alisema. "Kwenye mashimo ndiyo kuna kazi. Lami ni mchezo."

"Akisinzia linalia kriii," Jepleting alisema. "Akishika, kimya. Tukiteremka na mzigo namwambia, mzee, shika, na yeye ananiambia, mama, punguza mwendo. Tunaelewana."

"Watoto unawabeba humu?"

"Shule iko mbali. Niwabebe na nini?"

Naliaka alisimama akiutazama mshono. Kisha akasema walilete gari yadi. Walilete kwa amani, kabla halijagongwa, likatwe, oili pembeni, betri pembeni, na Wasike ashuke kama mtu.

Jepleting aliangua kicheko, si cha ubaya.

"Mathe, nililitoa wapi? Si kwenu? Nikiwaletea mtalikata, mtashona nusu yake na ingine, halafu nitarudi kununua hiyohiyo, tena sasa haina mtu wa kushika. Wacha nikae na huyu. Huyu namjua."

Naliaka alimwangalia Wasike, naye Wasike alikuwa amekwisha kumwangalia muda mrefu.

"Nikiachia, Naliaka, hawafiki hata Molo."

"Najua. Nimeona."

"Usikasirike."

"Sijakasirika. Nimechoka tu kukuona umekaa vibaya. Mgongo wako ulikuwa mbovu tangu zamani."

Alimmegea mkate, akamlisha kipande kwa kipande, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Alimfuta makombo kwenye ndevu. Jepleting alijitia kuhesabu magunia aliyokuwa ameshayahesabu, mpaka mkate ulipoisha. Kisha akawasha gari. Wasike akakaza. Likaondoka taratibu kwenye matope, mbele na nyuma zikienda pamoja.

Kosa alilifanya Jumatatu. Aliingia kwenye kontena akamweleza Bwana Kinyanjui kila kitu, mshono ulivyopasuka na anayeuzuia, akitumaini kwamba Muungano ukisikia jambo kama hilo utayaita magari yote ya banda la nyuma yarudi. Bwana Kinyanjui alisikiliza kwa makini ambayo Naliaka hakuwahi kuyaona kwake. Aliuliza kama Wasike huwa anachoka. Aliuliza kama anakula. Aliuliza kama kuna ajali yoyote tangu aanze kushika, akaambiwa hakuna.

"Hakuna kabisa," alirudia, na macho yakaenda mbali.

Muungano ulikutana kwenye hoteli ileile, ukala nyama. Bima walifurahi kuliko wote. Ijumaa Bwana Kinyanjui aliwakusanya wafanyakazi kando ya benchi, akawapa maagizo mapya kwa sauti yake ya upole. Gari la kuyeyushwa, wagonge kama kawaida. Gari linalokwenda banda la nyuma, wasigonge. Waliomo waachwe humohumo. Alisema kwa muda mrefu Muungano umekuwa ukipoteza rasilimali muhimu kupitia getini, imekunywa chai.

Kimaiyo aliuliza kama apunguze nyaya za kuchomelea, ikiwa kuna watu wa kushika. Bwana Kinyanjui alisema hilo ni wazo zuri, watalitazama.

Hiyo Jumapili ya Kuresoi Naliaka alikuwa amerudi jioni na kumkuta Nabalayo benchini, macho getini.

"Amekuja?"

"Yuko kazini, mama."

"Kazi gani hiyo hadi Jumapili?"

"Ya kushika."

Nabalayo alilifikiria hilo. "Baba yake pia alikuwa hivyo," alisema. "Alikula?"

"Alikula wote."

Tangu hapo mama mkwe hakuuliza tena. Hakushika njia ya Webuye pia. Alisema atakaa hapo benchini, ili siku Wasike akipewa likizo asikute hakuna mtu.

Jumamosi baada ya maagizo, nusu mbili za gari la kijani na la kijivu zilisukumwa kwenye toroli kuelekea banda la nyuma. Zilipita mbele ya benchi. Kimaiyo alisimama kufunga kamba ya kiatu, na Naliaka akasimama na birika mkononi, mkono wa pili ukiwa mfukoni kwenye spana, akakumbuka maagizo, akautoa mtupu.

Nabalayo hakuwa ameajiriwa na mtu. Aliinuka, akanyoosha leso yake, akaenda akagonga paa la kijani kwa vidole.

"Hodi. Kuna mtu?"

"Tuko, mama," ikajibu sauti ya kijana.

"Shukeni basi, chai ni moto."

Ndani palinong'onwa kidogo. Kisha yule kijana akajibu tena, kwa adabu, kama mtu anayekataa sahani ya pili.

"Asante, lakini hatushuki. Kuna mtu alipita hapa asubuhi, mpole sana. Ametuomba tushike."

Nabalayo akamtazama Naliaka. Naliaka akamimina vikombe, akavipitisha dirishani kimoja kimoja, akawaambia wakiwa kwenye lami wapumzike kidogo, nguvu wazihifadhie mashimo. Wakamshukuru. Alisubiri wamalize, akachukua vikombe vyake, na Kimaiyo akaendelea kusukuma, akiimba, ubeti wa pili sasa bila kosa.